Jike wa Gapi Anayezaa Bila Dume

Binti wa jirani alinijia jioni moja amebeba ndoo ya lita kumi, mpini kaushika kwa mikono miwili ili maji yasimwagike.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Vipi tena?"

"Samaki wangu amezaa. Lakini yuko peke yake. Tangu mwezi wa tatu yuko peke yake."

Nikachungulia. Ndani alikuwamo jike mmoja wa gapi, samaki mdogo wa mapambo, wa kijivu, asiye na urembo wowote. Pembeni, wamejibanza ukutani mwa ndoo, walikuwamo vifaranga kumi na watatu, kila mmoja kama kipande cha uzi chenye macho mawili. Tulikuwa mwezi wa tano. Nyumbani kwao walishaamua kwamba kuna mtu aliyetia dume usiku akamtoa kabla hakujakucha.

Swali la mtoto huyu nimeulizwa mara nyingi, na majibu yanayozunguka mtaani hayaishi: gapi hujigeuza jinsia, gapi hujipa mimba mwenyewe, mayai yaliletwa na majani. Ukweli ni mwepesi zaidi. Dume alikuwepo, ila alikuwepo zamani, kule dukani. Ukilielewa jambo hili moja vizuri, utaelewa kwa nini tangi lako linajaa bila wewe kupanga, kwa nini rangi nzuri ulizozinunua kwa bei zinapotea kizazi baada ya kizazi, na mfugaji anayetaka kuzalisha kwa mpango aanzie wapi.

Samaki wengi hutaga mayai majini, dume akayamwagia mbegu, shughuli yote ikaishia nje ya mwili. Gapi na nduguze, yaani moli, plati na swodteli, hawako hivyo. Mtazame dume kwa ubavuni: chini ya tumbo, nyuma kidogo, utaona pezi moja jembamba lililochongoka kama sindano. Akiogelea hulilaza nyuma, akimfuata jike hulitupa mbele ghafla. Kwa jike pezi hilohilo ni pana kama kipepeo kidogo cha makuti. Hiyo ndiyo alama ya kuaminika ya kutofautisha dume na jike, hata kwa aina ambazo wote wawili wana rangi.

Kwa pezi hilo dume hupenyeza mbegu zake ndani ya mwili wa jike. Jike hazitumii zote. Zinazobaki huziweka akiba mwilini, zikakaa hai kwa miezi, na kila uzao mpya ukifika huchota humo. Mwaka 2013 watafiti waliokuwa wakifuatilia gapi wa mito ya Trinidad, kisiwa cha Karibi, walionyesha, kwa kupima vinasaba, kwamba kuna madume walioendelea kupata watoto hadi miezi 10 baada ya wao wenyewe kufa. Kwa hiyo jike mkubwa unayemtoa dukani, alikokuwa kwenye tangi moja na madume kadhaa, karibu kila mara anakuja kwako na mimba pamoja na akiba ya mimba zijazo. Hujanunua samaki mmoja. Umenunua ukoo.

Wapo hata wanaokwenda mbali zaidi. Huko Texas na Meksiko kuna moli wa Amazon, ambaye wanasayansi walimtangaza mwaka 1932 kuwa ni aina yenye majike watupu. Jike huyo humtafuta dume wa aina nyingine ya moli, anazihitaji mbegu zake ili mayai yaanze kukua, lakini urithi wa dume haumo kwa watoto. Watoto wote ni majike, nakala za mama yao. (Jina la Amazon halitokani na mto wa Brazili bali na wale wanawake mashujaa wa hadithi za Wagiriki.) Samaki huyu humkuti kwenye maduka yetu, ila ninamtaja kwa sababu huenda ndiye aliyezaa uvumi kwamba gapi naye hajali dume. Gapi anajali sana. Ni kwamba anakumbuka kwa muda mrefu.

Kuzaa, si kutema

Watu wa pwani hawashangai kusikia samaki amezaa. Anayempasua papa pale sokoni amekwisha kukuta watoto wamejipanga tumboni. Silikanti yule wa kale, ambaye wavuvi wa Tanga walianza kumnasa mara kwa mara tangu mwaka 2003, naye huzaa: mwaka 1975 huko New York jike aliyehifadhiwa alipasuliwa akakutwa na watoto 5 waliokwisha kuumbika.

Bara ndiko kunakotokea mkanganyiko, kwa sababu ya sato na furu. Jike wa sato hutaga mayai, akayaokota mdomoni na kuyaatamia humo hadi yaanguliwe, na hata baada ya hapo vifaranga hukimbilia kinywani mwake wakiona hatari. Anayeona watoto wakitoka mdomoni husema samaki huyu anazaa kwa mdomo. La, huyo anaatamia. Tofauti hii ina maana kwa mfugaji: mama wa sato anawalinda wanawe, mama wa gapi anawala. Gapi humaliza malezi yote tumboni. Yai lina kiini kinacholisha mtoto, mama hutoa hewa na ulinzi, na wiki tatu hadi nne baadaye yai hupasuka ndani, mtoto akatoka akiwa anaona, anaogelea na anatafuta chakula dakika hiyohiyo. Akishatoka, kwa mama yake ni kitu kidogo kinachocheza mbele ya macho, sawa na kiluwiluwi cha mbu.

Maji ndiyo kazi yenyewe

Watu hununua gapi kwa kuambiwa kwamba ni rahisi. Kuzaa ni rahisi kweli, wala hawahitaji ruhusa yako. Kilicho kigumu ni kuwaweka hai, na hapo napenda nitue, maana ndipo samaki wengi wanapokufa wakati mwenyewe anahangaika na dawa.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi. Chakula kilichobaki nacho kikioza hutoa amonia. Mtoni maji huibeba ikaenda. Kwenye kioo cha lita 60 haina pa kwenda, inamchoma samaki matamvua mpaka ashindwe kuvuta hewa. Wokovu ni bakteria wawili tofauti wanaojijenga polepole kwenye sponji ya chujio, kwenye mchanga na juu ya mawe. Wa kwanza hula amonia na kuacha nitriti. Nitriti nayo ni sumu, huigeuza damu ya samaki kuwa ya kahawia isiyobeba hewa. Wa pili huila nitriti na kuacha nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa kidogo, mimea huitumia, na wewe huipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa huchukua kama wiki nne hadi sita kutosha kazi. Ndiyo maana tangi jipya linalong'aa, lililotiwa samaki kumi siku ya kwanza, huua katika wiki ya pili, na mwenyewe husema aliuziwa samaki wagonjwa.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa hasara. Mwaka wangu wa pili wa kufuga niliona sponji imejaa tope, nikaipeleka bombani nikaisugua mpaka ikarudi kuwa nyeupe. Klorini ya bomba iliua kila kilichokuwa hai ndani yake. Siku tatu baadaye nilikuwa nimetoa samaki 19, wakiwamo majike wawili niliowalea tangu wanazaliwa. Nilikaa na ile bakuli muda mrefu. Tangu hapo sponji naikamulia kwenye ndoo ya maji niliyoyatoa tangini humohumo, naikamua mara mbili tatu tu, narudisha ikiwa bado ya kahawia.

Klorini huondoka ukiyaacha maji kwenye ndoo iliyo wazi kwa saa 24, na upesi zaidi ukiweka pampu ya hewa. Mahali wanapotibu maji ya bomba kwa kloramini badala ya klorini, kuyaacha wazi hakutoshi, unahitaji matone ya kuondoa klorini yanayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Kila wiki natoa robo ya maji na kurudishia mengine. Siyatoi yote hata siku moja.

Kisha kuna ugumu wa maji, na kwa ukoo huu wa gapi ni jambo kubwa. Asili yao ni Amerika ya Kati, Karibi na kaskazini mwa Amerika ya Kusini, na wengi wao wamezoea maji yenye madini mengi. Kipimo cha haraka unacho bafuni. Sabuni ikikataa kutoa povu, maji yako ni magumu, na gapi atayapenda. Povu likijaa kwa tone moja na mwili ukabaki kama unateleza hata baada ya kujisuuza, maji ni laini. Visima vingi vya Dar es Salaam hutoa maji magumu, mengine ya chumvi kabisa, na humo moli hustawi kuliko wote, kwa sababu porini hukaa hata kwenye mikoko. Maji ya Ziwa Victoria ni laini. Anayefuga Mwanza au Kisumu kwa maji ya ziwa atamwona moli akitikisika papo hapo kama mwenye baridi, mkia unakwenda lakini mwili hausogei. Hiyo ni dalili kwamba maji hayamfai. Makombe ya chaza yaliyochemshwa na kusuguliwa, konzi moja ndani ya chujio, huyeyusha madini kidogo kidogo na kumtuliza.

Chumvi ya mezani ni kitu kingine. Haiongezi ugumu wa maji. Kiasi kidogo humsaidia samaki aliyepatwa na nitriti, na moli huivumilia sana, lakini plati na swodteli hawana haja nayo ya kila siku. Halafu chumvi haipandi na mvuke. Maji yakipungua kwa joto nawe ukaongeza ya chumvi tena, unaizidisha.

Jambo moja hukosewa hata na wazoefu. Maji magumu mara nyingi huwa na pH (kipimo cha tindikali; ikiwa juu, tindikali ni kidogo) ya juu, kati ya 7.5 na 8, na kwenye pH ya juu pamoja na joto, amonia huwa kali zaidi. Yaani maji yaleyale ambayo gapi anayapenda ndiyo yasiyosamehe uchafu. Mwenye maji laini anaweza kulisha kupita kiasi kwa muda kabla hajaonja matokeo. Sisi wa visima hatuna nafasi hiyo.

Joto nalitaja kwa kifupi: nyuzi 24 hadi 27. Dar, Mombasa, Zanzibar na Tanga hakuna haja ya hita. Nairobi, Arusha na Mbeya, hasa mwezi wa sita hadi wa nane, hita ni lazima, la sivyo mimba hurefuka na samaki hupata ukungu na madoa meupe kila mara.

Siku ya kuzaa

Jike mwenye mimba ana doa jeusi nyuma ya tumbo, karibu na pezi la chini. Doa likipanuka na tumbo likaacha kuwa duara, likawa na kona kama kisanduku, siku zimekaribia. Hujitenga, hukaa karibu na chini au nyuma ya chujio, na wengi hukataa chakula.

Mara nyingi mimi huwakuta alfajiri, nikiwasha taa. Jike husimama, mwili hutetemeka kidogo, na kinatoka kitu kama kipunje cha mchele kilichokunjwa. Huzama kidogo. Halafu hujikunjua, mara moja, kama mtu anayenyoosha mgongo, akapanda juu kuvuta hewa ya kujaza kibofu chake cha kuelea. Hapo juu ndipo mama na shangazi zake wanapomsubiri. Uzao wa gapi mara nyingi ni vifaranga 20 hadi 60, jike mchanga huzaa wachache, jike mkubwa wa swodteli hupita mia. Bila pa kujificha, asubuhi utakuta watatu.

Maduka yatakuuzia kisanduku cha plastiki cha kumtenga mama. Mimi sikipendi. Jike anayefungiwa ndani ya nafasi ya kiganja hupata hofu, wengine hutoa watoto kabla hawajakomaa. Kinachofanya kazi ni majani mengi yanayoelea. Ukikosa majani, chukua kamba ya manila ya kijani, kata vipande vya kiganja, vichambue nyuzi hadi viwe kama ndevu, vifunge kwenye kizibo vielee. Vifaranga huingia katikati ya nyuzi ambamo kinywa cha mkubwa hakifiki. Na mshibishe mama kabla. Jike aliyeshiba huwinda kidogo.

Chakula cha vifaranga kiwe unga mwembamba, mara tatu hadi tano kwa siku, kila mara kiasi cha kuisha ndani ya dakika mbili. Dagaa wasio na chumvi waliosagwa na kuchekechwa wanafaa. Kiini cha yai lililochemshwa kinafaa pia, lakini kiwe cha ncha ya kijiti, maana kinachafua maji haraka kuliko kitu chochote ninachokijua. Viluwiluwi vya mbu vilivyo vidogo, ukivichota kwenye ndoo yako mwenyewe, huwapa rangi na nguvu.

Rangi zinapopotea

Sasa turudi kwa yule jike na akiba yake. Mtu ananunua jozi: dume mwenye mkia mwekundu kama kanga mpya, na jike. Anasubiri watoto wekundu, anapata wa madoa madoa. Anadhani amedanganywa. Hakudanganywa, ila baba wa watoto hao si yule dume aliyemnunua.

Elimu ya rangi za gapi ni ya zamani. Mwaka 1920 Johannes Schmidt, na mwaka 1922 Øjvind Winge, wote wa Denmark, walionyesha kwamba baadhi ya madoa hurithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa wana wa kiume peke yao, kwa sababu yamebebwa kwenye kromosomu Y, yaani kibeba urithi ambacho madume peke yao wanacho. Rangi nyingine hupitia kwa mama, ambaye hazionyeshi mwilini. Kwa hiyo jike wa kijivu anabeba nusu ya siri, na huwezi kuisoma kwa macho, unaisoma kwa watoto wake.

Anayetaka kutunza rangi moja hana budi kuanza na majike ambao hawajawahi kukutana na dume. Watenge vifaranga wakiwa na wiki tatu hadi nne, mara tu lile pezi la dume linapoanza kuchongoka na lile doa la tumboni linapoanza kuonekana kwa majike. Ukichelewa hadi miezi miwili, umechelewa. Weka tangi la wasichana na tangi la wavulana. Wakikomaa, chagua dume mmoja bora na majike wawili au watatu, uwakutanishe. Jike mmoja kwa madume wengi ni mateso, humfukuza mchana kutwa mpaka aishiwe nguvu. Wenye migongo iliyopinda usiwazalishe. Huenda ni urithi, huenda ni kifua kikuu cha samaki, ambacho bakteria wake huweza kuingia kwa binadamu kupitia mchubuko. Mkono wenye kidonda usiingie tangini.

Porini kuchagua hufanywa na wengine. Kaskazini mwa Trinidad mito hushuka milimani kwa maporomoko. Chini ya maporomoko kuna samaki wakubwa wanaowinda gapi, juu yake hawapo, yupo mmoja mdogo tu anayekula vifaranga. Mtafiti John Endler aliona kwamba madume wa chini wamefifia, wa juu wana madoa makubwa yanayong'aa. Akawahamisha wengine kutoka chini kwenda kijito kisicho na maadui wakubwa, na ndani ya miaka 2 wana wao walikuwa na rangi zaidi. Taarifa yake ilitoka mwaka 1980. Majike wanapenda wenye rangi, adui naye anawaona wenye rangi, na kila mto una mapatano yake. Kwenye kioo cha sebuleni hakuna adui wala mto. Kuna wavu wako. Usipochagua, damu zote huchanganyika, na mikia mirefu iliyotengenezwa na wafugaji kwa miaka mingi hurudi kuwa mifupi.

Hesabu nayo iwekwe mapema. Majike watatu wakitoa vifaranga 25 kila mmoja, ni 75 kwa mwezi, na baada ya miezi mitatu mabinti wa kwanza wanaanza kuzaa. Tangi la lita 60 haliwezi. Wagawe, wauze, wape wenye samaki wakubwa. Lakini usiwamwage mtoni wala kwenye dimbwi, hata kwa nia ya kuua mbu. Gambusia, nduguye gapi kutoka Marekani, alisambazwa duniani kwa nia hiyohiyo, na kwingi alikofika amekula mayai na watoto wa samaki na vyura wa mahali hapo. Sisi tuna Nothobranchius, samaki wadogo wa rangi za kuvutia wa madimbwi ya mvua, kama yale ya mabonde ya Ruvu na Rufiji, ambao mayai yao hungoja ndani ya tope kavu hadi msimu urudi. Nafasi yao ni wiki chache za mvua tu. Gapi akiwatangulia humo, hawana pengine pa kwenda.

Binti wa jirani hakutaka kugawa hata mmoja. Tuliwahamishia kwenye beseni pana, tukatia ndevu za manila, nikamwonyesha jinsi ya kusaga dagaa. Kabla hajaondoka alikwenda kwenye kalenda ya ukutani kwangu, akaomba kalamu, akahesabu kwa kidole siku 28 na kuchora duara.

"Bila dume?" akauliza tena.

"Bila dume. Njoo uniambie ni wangapi."

Alikuja siku ya 26. Walikuwa tisa.